Basi Lilisimama kwa Nini

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, mwambie kitinda mimba wake anakula vizuri mpaka suruali zimeanza kulalamika. Kikohozi kimemwachia? Mwambie aache kulala dirisha likiwa wazi, upepo wa usiku hauna adabu. Na shemeji msalimie, mwambie redio yake niliyoahidi kuitengeneza bado iko chini ya kitanda changu, imevunjika vilevile.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Chumba hiki naishi na makonda wawili, na kila nikipiga simu wao wanachangia mazungumzo. Halafu wewe mwenyewe ulilalamika kwamba kwenye simu nacheka tu, husikii la maana.

Kazini bado wananiita Pisha. Juzi nilisimama kumpisha mama mwenye mtoto, abiria mmoja akapaza sauti, "Dereva, na kuku ukimwona utampisha?" Nikamjibu kuku ana haraka kuliko wewe. Basi zima likacheka, yeye akanuna mpaka kituo cha mwisho.

Hapa acha kumsomea mama. Mwambie zimebaki salamu za majirani.

Jumanne iliyopita kulitokea ajali mbele yangu. Bibi mmoja alikatiza barabara kuu, palepale mbele ya duka la viatu. Hapo si kituo, wala hakuna alama za pundamilia, ziko mbele kidogo. Akapita mbele ya basi langu kutoka kulia. Alipotokea upande wa kushoto, muuza mayai alikuwa anakuja na baiskeli, amejipenyeza kati ya basi na ukingo, trei zimepangwa nyuma yake hadi kisogoni. Akambamiza. Bibi akaangukia ukingo wa saruji, nyonga ikavunjika. Mayai yakatapakaa lami nzima, watu wakawa wanateleza wakijaribu kumwinua. Tulimpakia kwenye basi langu hilohilo, na kwa bahati barabara mbele ilikuwa nyeupe, tukafika hospitali mara moja.

Dada, hawa watu wa baiskeli watatumaliza! Breki ya mbele haina hata waya. Yule wa mayai yuko rumande sasa, na akae. Na bibi naye hakuangalia. Kila mtu pale alisema hivyo, kwamba hakuangalia. Basi langu halikugusa mtu, halina hata mkwaruzo, nashukuru Mungu.

Mdogo wako

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kikohozi kimepungua, ila sasa anakohoa makusudi nikichelewa kurudi. Salamu za majirani ameziuliza, nikalazimika kuzitunga. Nimemwambia jirani yako mnene ameoa. Usije ukaniumbua.

Pole kwa uliyoyaona. Wodini kwetu ajali hazikauki. Wiki hii nina wanaume watatu vitanda vimefuatana: dirishani dereva wa teksi, katikati mpeleka vifurushi wa baiskeli, mlangoni mwalimu mstaafu aliyegongwa akivuka. Hawakugongana wao kwa wao, kila mmoja ana ajali yake, lakini ukiwasikia utadhani ni kesi moja.

"Nyie mnavuka kama barabara ni sebule yenu," anaanza dereva.

"Na wewe unaendesha kama sebule zetu ni barabara," anajibu mwalimu, mguu umening'inizwa juu.

Yule wa katikati anafunika uso na shuka. "Mimi nikipita kulia napigiwa honi. Nikipita kushoto natukanwa. Nipite wapi, hewani?"

Jana nikawaambia kwamba hapa wodini mwenye barabara ni mimi, na chombo cha haja wote watatu wanaletewa na mkono huuhuu, kwa hiyo waheshimiane. Papo hapo wakaungana kunilaumu mimi kwamba uji ni wa baridi.

Usidhani najitoa. Mimi mwenyewe kila jioni nakatiza nje ya geti la hospitali, na alama ziko hapo hapo karibu. Uvivu tu wa miguu. Na magari yakinipigia honi natoa macho kana kwamba nimeonewa.

Sasa nikuulize kitu. Umesema pale si kituo. Umesema hakuna alama za kuvukia. Taa hukuzitaja. Bibi wa umri huo hawezi kukatiza mbele ya basi linalotembea. Basi lako lilisimama kwa nini?

Dada yako

*

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Usiniambie nimechelewa kujibu, najua. Kazi zimekuwa nyingi, dereva mmoja anaumwa na zamu zake tumegawiwa. Nimefurahi mama ana nguvu za kukusumbua. Huyo jirani mnene uliyemwoza, mwachishe, maana mama amenipigia simu kumtumia hongera.

Basi lilisimama kwa ajili ya foleni. Ndivyo nilivyoandika maelezo polisi, na maelezo yameshapokelewa. Kampuni imeridhika. Meneja aliniita ofisini akaniambia mimi ni shahidi tu, wala si mshtakiwa, nisijichoshe.

Mke wa muuza mayai alikuja yadi yetu. Alinisubiri kwenye benchi la mafundi tangu asubuhi. Nilidhani ataniporomoshea matusi, kumbe ana swali moja tu. "Ulimwona mume wangu akienda kasi?" Nikamwambia sikumwona. Akaniuliza, sasa ukiulizwa mahakamani utasema nini? Nikasema nitasema sikumwona. Akashukuru akaondoka, dada. Alinishukuru.

Kwa hiyo hayo ndiyo majibu yako. Mimi nakuandikia nipate kupumua, wewe unanihoji. Wewe ni muuguzi au hakimu?

Mdogo wako

*

15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Shemeji yako mzima. Mwalimu wa wodini amesharudi kwake kwa magongo.

Barua yako ya Machi ninayo hapa. Umeandika kwa mkono wako kwamba barabara mbele ilikuwa nyeupe, mkafika hospitali mara moja. Leo ni foleni. Foleni hiyo iliyeyuka?

Wanakuita Pisha, nami nilikulea kabla hawajakuita hivyo. Ulikuwa ukiwapisha wenzako bombani mpaka unarudi nyumbani na ndoo tupu, mimi nachapwa kwa ajili yako. Nakujua. Usinidanganye mimi. Danganya polisi ukitaka, lakini mimi niambie.

Dada yako

*

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo hakuna la kumsomea mama. Ukurasa wote ni wako.

Nilimpisha.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya barabara, kwenye kile kipande cha saruji kinachotenganisha njia, ana mfuko wa plastiki mkononi. Magari yanampita tu, hakuna hata moja linalopunguza mwendo. Roho ikaniuma. Nikasimamisha basi, nikampungia mkono, njoo mama, pita. Alisita. Abiria nyuma wakaanza kunung'unika. Nikampungia tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemharakisha. Ndipo akashuka.

Kioo cha kushoto sikukitazama. Miaka yote nimewapisha watu na sijawahi kutazama kioo cha kushoto, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshasimama, na nikisimama mimi naona kama dunia yote imesimama. Muuza mayai naye aliona basi limesimama na nafasi iko wazi kando yake, akapita. Ungekuwa wewe na baiskeli ungepita. Kila siku wanapita hapo.

Nilisikia mayai kabla sijasikia mtu.

Meneja anajua. Konda wangu alimwambia. Akafunga mlango wa ofisi akasema, "Mkono si gari. Hakuna sheria ya mkono. Wewe hukumgusa. Ukifungua mdomo, wakili wao ataigeukia kampuni, na mimi nitakugeukia wewe." Basi nikaandika foleni.

Nimekwenda kumwona bibi hospitalini, nikaishia mlangoni mwa wodi. Binti yake alikuwa anamlisha. Nikawaambia wauguzi nimekosea jengo. Wanasema anaendelea vizuri. Akipona, nitakwenda kumwomba radhi, na muuza mayai nadhani watamwachia. Ngoja apone kwanza. Tafadhali usinisukume.

Mdogo wako

*

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekisoma ulichoandika nikiwa chumba cha dawa, nimefunga mlango. Ahsante kwa kuniambia. Nilikuwa nimeshakasirika mpaka nikaacha kukutaja nyumbani, mama akaanza kuniuliza kama umekufa.

Sasa nisikilize, nakusukuma.

Bibi alikatiza mahali pasipofaa. Muuza mayai alijipenyeza mahali asipoona mbele, na baiskeli haina breki ya maana. Hayo ni makosa yao na wayabebe. Lakini wewe ulimgawia bibi barabara yote, na yako ilikuwa upana wa basi tu. Ule uchochoro wa kushoto haukuwa wako wa kumpa mtu. Ulikuwa na haki ya kusimama. Kumwita hukuwa na haki mpaka uwe umeona.

Kosa la watu watatu linabebwa na mmoja, naye yuko ndani. Mkewe amekushukuru. Wewe unalalaje?

Nenda polisi kabadilishe maelezo. Bibi yu hai, utakaripiwa, pengine utasimamishwa kazi, halafu mambo yatakwisha. Wema wako haukuwa dhambi, ila uongo juu ya wema huo umeshakuwa dhambi. Nenda wiki hii, usingoje mtu apone.

Dada yako

*

28 Juni

Dada,

Shikamoo.

Nilikuwa nimeamua kwenda. Nilishaomba ruhusa ya asubuhi, nikavaa shati safi. Nikapitia hospitali kwanza ili safari hii niingie kweli. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa. Mapafu yalijaa maji, wamesema. Unaijua hali hiyo kuliko mimi, mtu wa nyonga akilala muda mrefu.

Sikwenda polisi. Nilirudi yadi nikashika zamu yangu. Nilipofika duka la viatu, nilikanyaga breki bila sababu, konda akauliza kama naumwa.

Shtaka la muuza mayai limebadilishwa, sasa ni kusababisha kifo. Nimeitwa kutoa ushahidi tarehe ishirini na mbili Julai. Nikisema foleni, wanamfunga miaka. Nikisema ukweli, sijui wananifanya nini mimi.

Mtaani wanasema bibi alikuwa haoni vizuri, kwamba alijitupa tu barabarani. Binti yake anaambiwa alikosea kumwacha atoke peke yake. Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu, ndani ya basi langu, nami nimeshika usukani tu.

Dada, niambie nifanye nini. Neno lako nitalifuata kama nilivyolifuata siku zote.

Mdogo wako

*

9 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Mama anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni anachambua mchele, hajui naandika nini. Nimechana barua mbili kabla ya hii.

Usiseme.

Ndiyo, ni mimi naandika. Yule aliyekuwa anakuhimiza alidhani utakaripiwa. Ilikuwa rahisi kwangu kuwa mkweli bibi akiwa hai. Wodini kuna mgonjwa ambaye kaka yake ni karani wa mahakama, nikamuuliza karani huyo alipokuja kumwona, kana kwamba naulizia mtu mwingine. Akaniambia dereva aliyedanganya polisi, na mtu akafa, anaweza kufungwa yeye pia. Akanieleza kwa utulivu huku anamenya chungwa.

Nimekubeba mgongoni wewe. Mama alipokuwa kazini nilikwenda shule na wewe, ukalala chini ya dawati langu. Mama hatakuona tena ukifungwa, dada yako ni muuguzi, najua moyo wake umebakiza nini. Sijakuandikia hilo kabla kwa sababu sikutaka uogope.

Kwa hiyo sema foleni. Sema maneno machache, ushuke kizimbani, uje nyumbani. Yule wa mayai ana kosa lake la kweli, hilo hukumtungia. Najua naandika jambo baya. Najua mke wake alikushukuru. Dhambi hii iandikwe kwangu, nimeshaikubali. Wewe njoo tu.

Dada yako

*

25 Julai

Dada,

Shikamoo. Najua hujalala tangu tarehe ishirini na mbili, nami nimechelewa kuandika kwa sababu mkono haukukubali. Niko nje, sijafungwa. Pumua kwanza.

Barua yako ilifika kabla ya kesi. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi za basi, nikalia mpaka fundi mmoja akaniletea maji. Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia nifanye baya, na hili uliliandika kwa mapenzi, wala usilionee haya. Lakini nimekukatalia. Ni mara ya kwanza na imeniuma kuliko hukumu yoyote. Dhambi yangu huwezi kunibebea, dada. Nimeshakuwa mzito.

Mwendesha mashtaka aliniuliza basi lilisimama kwa nini. Nikasema nilisimama kumpisha. Akaniuliza tena, akidhani nimechanganyikiwa, akanisomea maelezo yangu ya foleni. Nikasema hayo ni ya uongo, niliyaandika mimi. Nikaeleza mkono, mara ya kwanza na mara ya pili, na kioo ambacho sikukitazama. Meneja alikuwa mstari wa nyuma. Alinyanyuka akatoka kabla sijamaliza.

Muuza mayai akaulizwa kama ana la kusema. Kumbe ni mtu mzima, ana mvi kuliko mimi, na sauti ndogo. Akasema, "Mimi nilidhani dereva amesimama kupakia abiria. Bibi alidhani dereva ameniona. Dereva alidhani mimi sipo. Breki zangu zilikuwa mbovu, hilo nalikiri, nilikuwa nitazitengeneza nikishauza mayai."

Muuza mayai amepewa kifungo cha nje. Alitoka pale anashikwa mkono na mkewe, wakapita mbele yangu, hakuna aliyenishukuru safari hii na sikutaka. Mimi leseni imechukuliwa, na kesi yangu ya kudanganya polisi itasikilizwa mwezi ujao. Wakili anasema pengine sitafungwa kwa kuwa nimekuja mwenyewe. Amesema pengine. Kazi hakuna tena, nilikuta nguo zangu zimefungwa kwenye mfuko getini. Mama nitamweleza kwa mdomo wangu, nakuja kabla ya kesi. Mwandae taratibu mpaka nifike.

Lakini si hayo niliyokaa kuyaandika.

Nje ya mahakama binti wa marehemu alinifuata. Ni mama wa makamo, ana miwani, alikuwa ameshika mifuko ya dawa za mama yake ambayo sijui kwa nini bado anaibeba. Nikajiandaa kwa kofi. Nikasema, "Mama, nimekuja kukuomba..." Akaninyamazisha kwa kidole.

"Usiniombe msamaha leo. Sina."

Nikasema sawa.

"Nina swali. Watu wote wamenambia mama yangu hakuangalia. Polisi wamenambia. Ndugu zangu wamenambia nilimwachia kipofu barabarani. Wewe ulikuwa mbele yake. Aliangalia?"

Dada, miezi yote hii nimekuwa namwona bibi kila nikifumba macho, na sikuwahi kukuandikia alivyokuwa. Alisimama pale, akageuza kichwa huku, akageuza kule, vizuri kabisa, kama mtoto aliyefundishwa shule. Nilipompungia mara ya kwanza alisita kwa sababu alikuwa bado anaangalia.

Nikamwambia binti yake, "Aliangalia, mama. Nilipompungia mara ya pili ndipo akaacha kuangalia barabara, akaniangalia mimi."

Mdogo wako